Tukio, Sharti na Tendo: Sarufi ya Kiswahili katika Uwekaji wa Vianzishi vya Kiotomatiki kwenye Programu za Usimamizi wa Kazi za Tafsiri, kwa Mfano wa Gisenyi

Ikisiri

Ofisi zinazoshughulika na tafsiri na matangazo ya umma katika ukanda huu zinazidi kupanga kazi zao katika programu za usimamizi wa kazi. Programu hizo humwezesha mtumiaji kuweka vianzishi, yaani kanuni zinazoiagiza programu itende jambo fulani mara tukio fulani linapotokea. Makala haya yanafafanua namna vianzishi vinavyofanya kazi na namna ya kuviweka, kwa kutumia mfano wa tangazo la lugha nne katika mji wa mpakani wa Gisenyi, wilayani Rubavu, Rwanda. Hoja yake ni kwamba kianzishi hakisomi nia ya mtu bali neno alilolichagua kuitaja hali ya kazi. Kwa sababu hiyo, baadhi ya kasoro zinazodhaniwa kuwa za kiufundi ni kasoro za lugha. Viambishi -po-, -ki-, -me- na -ja- vinatumiwa hapa kama kipimo cha kuzibaini kasoro hizo kabla kanuni haijawashwa.

1.0 Utangulizi

Gisenyi na Goma ni miji iliyopakana kiasi kwamba mgeni anaweza kuidhania kuwa mji mmoja. Yote miwili iko kwenye ufuko wa kaskazini wa Ziwa Kivu, na kinachoitenganisha ni mpaka wenye vituo ambavyo wenyeji huviita kwa majina ya Kifaransa, Petite Barrière na Grande Barrière. Kabla ya janga la UVIKO-19, makumi ya maelfu ya watu walivuka hapo kila siku, wengi wao wakiwa wanawake wanaofanya biashara ndogondogo. Mazungumzo yao huenda kwa Kinyarwanda na Kiswahili, na mara nyingi kwa vyote viwili katika sentensi moja. Nyaraka za ofisi zinazowahudumia, hata hivyo, huweza kuanza kwa Kinyarwanda, Kifaransa au Kiingereza.

Mwaka 2017 Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na hizo tatu. Mwaka 2021 Jumuiya ya Afrika Mashariki iliamua kuwa Kiswahili na Kifaransa ziwe lugha rasmi za Jumuiya sambamba na Kiingereza, na mwaka uliofuata Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ikajiunga. Maamuzi haya yamejadiliwa sana katika makongamano yetu kwa upande wa hadhi ya lugha. Upande wa pili, yaani kazi ya kila siku ambayo hadhi hiyo inaizalisha mezani, haujajadiliwa vya kutosha. Tangazo lililohitaji mwandishi mmoja na saini moja sasa linahitaji mwandishi, watafsiri watatu, wahariri na mwidhinishaji, na kila mmoja wao anamsubiri mwenzake.

Wala kusubiri huko si jambo dogo katika mji huu. Tarehe 14 Julai 2019 mgonjwa wa kwanza wa Ebola alithibitishwa Goma. Tarehe 1 Agosti mwaka huohuo mpaka ulifungwa kwa saa kadhaa, kisha ukafunguliwa siku hiyohiyo. Jioni ya tarehe 22 Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ililipuka, na maelfu ya watu wa Goma wakavuka usiku kuingia Rwanda. Katika siku zilizofuata matetemeko ya ardhi yalibomoa nyumba Gisenyi kwenyewe. Katika mazingira ya namna hii, tangazo linaweza kuzeeka ndani ya mchana mmoja. Ofisi inayotafuta namna ya kuharakisha safari ya maandishi kutoka meza hadi meza itavutiwa na vianzishi vya kiotomatiki, na itakuwa na haki ya kuvutiwa. Swali la makala haya ni namna ya kuviweka bila kuharakisha makosa.

2.0 Kuhusu istilahi

Dhana inayojadiliwa hapa haina jina moja lililokubalika katika Kiswahili. Istilahi tatu zinajitokeza kwa urahisi. Ya kwanza ni kichochezi, kutokana na kitenzi chochea. Kisarufi haina dosari, lakini ndugu zake ni mchochezi na uchochezi, na nchini Rwanda, ambako watu walihukumiwa na mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha kwa kosa la kuchochea mauaji ya kimbari, neno hilo haliwezi kuandikwa kwenye kitufe cha programu ya ofisi kana kwamba halina historia. Ya pili ni kifyatulio, ambayo inafaa kwa bunduki na mtego. Picha yake ni ya kitu kinachoachiliwa mara moja na hakirudi, ilhali kanuni ya programu hufanya kazi tena na tena. Ya tatu ni kianzishi, kutokana na anzisha. Ni neno pole, halina mzigo, na linasema kile hasa kinachotokea: jambo moja linaanzisha jingine. Makala haya yanalitumia hilo.

Kanuni nzima, yenye kianzishi ndani yake, itaitwa kanuni. Kila kazi inayofuatiliwa itaitwa kadi, kama zinavyoitwa katika Trello na programu nyingine zinazofanana nayo, na mahali kadi ilipofikia pataitwa hali.

3.0 Muundo wa kanuni

Wazo lenyewe lina umri. Watafiti wa hifadhidata katika miaka ya 1980 walieleza kanuni zenye sehemu tatu, yaani tukio, sharti na tendo, na kiwango cha lugha ya SQL cha mwaka 1999 kiliingiza vianzishi rasmi. Kwa mtumiaji wa kawaida, wazo hilo lilifika kupitia huduma kama IFTTT, iliyotangazwa mwaka 2010 na ambayo jina lake ni ufupisho wa sentensi ya sharti ya Kiingereza yenye maana ya "ikiwa hiki, basi kile". Leo Jira, Asana, monday.com na Trello zote zina sehemu ya kuandikia kanuni za namna hiyo. Sura zao zinatofautiana: Jira humwonyesha mtumiaji sehemu zile tatu moja baada ya nyingine, ilhali monday.com humpa sentensi yenye mapengo ya kujaza. Mantiki ni ileile.

Tukio ndilo kianzishi: kadi imehamishwa, maoni yameandikwa, tarehe imefika. Sharti ni swali ambalo programu hujiuliza baada ya tukio: je, kadi hii ina lebo ya dharura? Jibu likiwa hapana, kanuni inakoma kimyakimya. Tendo ni amri: mjulishe fulani, hamisha kadi, weka tarehe ya mwisho. Mambo mawili kuhusu mpangilio huu ndiyo yanayozaa matatizo karibu yote yatakayojadiliwa. Kwanza, tukio ni la kitambo. Likishapita limepita, na programu hailikumbuki. Pili, sharti hutazamwa mara moja tu, papo hapo baada ya tukio. Halisubiri litimie.

4.0 Viambishi kama kipimo

Pendekezo la makala haya ni kwamba kabla ya kugusa programu, ofisi iandike kila kanuni kwa sentensi kamili ya Kiswahili, kisha ikague viambishi vya vitenzi vyake. Tuchukue bodi ya mfano ya ofisi inayotoa matangazo kwa wavukaji wa mpaka wa Gisenyi. Matini asilia ni ya Kinyarwanda, na tafsiri ni tatu: Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza.

(1) Kadi inapohamishiwa hali ya "Inasubiri kuhaririwa", mjulishe mhariri.
(2) Kadi ikiwa imo katika hali ya "Inasubiri kuhaririwa", mjulishe mhariri.

Kwa msikilizaji, sentensi hizi mbili zinakaribiana sana. Kwa programu, ya kwanza inatekelezeka na ya pili haitekelezeki. Kiambishi -po- katika (1) kinataja kitambo, na kitambo hicho ndicho kianzishi. Sentensi (2) inataja hali inayoendelea. Haisemi ni lini programu iangalie. Mhariri angejulishwa mara ngapi? Kila sekunde? Ili (2) iweze kuwa kanuni, lazima ipewe kitambo kutoka nje:

(3) Kila siku ya kazi inapofika saa mbili asubuhi, kwa kila kadi iliyomo katika hali ya "Inasubiri kuhaririwa", mjulishe mhariri.

Tofauti hii inaeleza pia jambo linalowashangaza wanaoanza. Ofisi ikiwasha kanuni (1) leo, kadi zilizokuwa tayari zimo katika hali hiyo tangu jana hazitamletea mhariri arifa yoyote, kwa kuwa tukio la kuhamishwa kwake lilikwisha kupita. Kanuni (3) ingezikuta zote kesho asubuhi. Hakuna iliyo bora kuliko nyingine. Moja inasukuma kazi na nyingine inafagia mabaki, na ofisi yenye busara huziweka zote mbili.

Kiambishi -ki- kinahitaji uangalifu mkubwa zaidi, kwa sababu Kiswahili hukitumia kwa sharti na kwa wakati bila kutenganisha. Mtu akisema "akija mwambie", anaweza kuwa na maana ya ikiwa atakuja, au ya wakati atakapokuja, na katika mazungumzo tofauti hiyo haiwaumizi wazungumzaji. Tazama sasa kanuni hii:

(4) Mwidhinishaji akiidhinisha na tafsiri zote tatu zikikamilika, tuma tangazo.

Naamini ofisi nyingi zingeikubali sentensi hii mkutanoni bila mjadala. Lakini anayeiingiza kwenye programu analazimika kuchagua lipi ni tukio na lipi ni sharti, na sentensi haimwambii. Akichagua idhini kuwa tukio, anapata:

(5) Mwidhinishaji anapoidhinisha, ikiwa tafsiri zote tatu zimekamilika, tuma tangazo.

Tuseme mwidhinishaji ameidhinisha asubuhi, akiwa ameona Kinyarwanda na Kiswahili, na tafsiri ya Kifaransa imekamilika saa nane mchana. Asubuhi tukio lilitokea, sharti likatazamwa, likakutwa halijatimia, kanuni ikakoma. Saa nane sharti limetimia lakini hakuna tukio. Tangazo halitatoka, na hakuna atakayeona ujumbe wa kosa, kwa kuwa kwa upande wa programu hakuna kosa lililotendeka. Kila mmoja ofisini anaamini limekwenda.

Anayeligundua tatizo hili kwa kawaida hulitibu kwa kuongeza kanuni ya pili:

(6) Tafsiri yoyote inapokamilika, ikiwa zote tatu zimekamilika na mwidhinishaji ameidhinisha, tuma tangazo.

Sasa tangazo litatoka saa nane. Kiufundi, tatizo limekwisha. Kisera, limezaliwa kubwa zaidi: tafsiri ya Kifaransa imewafikia watu bila mwidhinishaji kuiona, ikiwa imebeba idhini aliyoitoa kabla haijaandikwa. Kanuni (6) ni mfano mzuri wa suluhisho ambalo mtaalamu wa kompyuta atalisifu na mshauri wa sera hapaswi kulikubali. Tiba ya kweli ni kupanga matukio yafuatane, ili idhini isiweze kutangulia:

(7) Tafsiri ya mwisho kati ya tatu inapokamilika, ihamishie kadi katika hali ya "Inasubiri kuidhinishwa" na umjulishe mwidhinishaji.
(8) Mwidhinishaji anapoihamishia kadi katika hali ya "Imeidhinishwa", mjulishe ofisa wa mawasiliano.
(9) Maandishi ya kadi yanapobadilishwa, ikiwa kadi imeidhinishwa, irudishe katika hali ya "Inasubiri kuidhinishwa".

Kanuni (9) inalinda maana ya neno "imeidhinishwa": kilichoidhinishwa ni maandishi yale, si kadi. Lakini hata kanuni njema hugombana na jirani yake. Tuseme mtu mwingine ofisini, kwa nia safi, ameongeza hii:

(10) Kadi inapoidhinishwa, andika tarehe ya idhini mwishoni mwa maandishi ya kadi.

Mwidhinishaji anaidhinisha, kanuni (10) inaandika tarehe, kuandika tarehe ni kubadilisha maandishi, kanuni (9) inaamka na kuirudisha kadi. Mwidhinishaji anaikuta tena mezani, anaidhinisha tena, inarudi tena. Kitanzi hiki kina binadamu ndani yake, na kwa hiyo huchukua siku kadhaa kabla ya kutambuliwa; mwidhinishaji atawalaumu watafsiri kwanza. Jira imejikinga kwa kuamua kwamba, mtumiaji asipobainisha vingine, tendo la kanuni moja halianzishi kanuni nyingine. Si busara kudhani kwamba kila programu imeamua hivyo. Kinga ya uhakika ni kuandika tarehe ya idhini katika sehemu yake yenyewe ya kadi, nje ya maandishi ya tangazo.

Kuna mtego mmoja zaidi, nao unatokana na uzuri wa sarufi yetu. Kiswahili kinaweza kulisema tukio lisilotokea kana kwamba limetokea:

(11) Mhariri asipojibu ndani ya saa 24, mjulishe mkuu wa kitengo.

Asipojibu ina -po- ndani yake, lakini hakuna kitambo. Kutojibu hakutokei, kunaendelea tu. Programu haiwezi kuamshwa na ukimya. Inaweza kuamshwa na saa:

(12) Saa 24 zinapotimia tangu kadi ilipoingia hali ya "Inasubiri kuhaririwa", ikiwa kadi haijahama, mjulishe mkuu wa kitengo.

Kipimo kwa ufupi ni hiki: katika kifungu cha tukio tafuta -po- yakinishi, katika kifungu cha sharti tafuta -me- au -ja-, na popote -ki- au -sipo- inapojitokeza, simama uulize ni tukio au ni hali.

5.0 Majina ya hali

Kianzishi husoma jina la hali. Ikiwa watu wawili wanalielewa jina hilo tofauti, kianzishi kitamtii yule aliyekiandika na kumsaliti mwingine.

Neno hatari kuliko yote kwenye bodi za Kiswahili, kwa maoni yangu, ni "Tayari". Mwandishi wa rasimu analiweka akimaanisha kuwa amemaliza sehemu yake. Ofisa wa mawasiliano analisoma kuwa tangazo liko tayari kutoka. Wote wawili wanasema Kiswahili sahihi. "Imekwisha" haisaidii sana, hasa Gisenyi, ambako anayezungumza Kiswahili cha Goma hutumia kitenzi isha kuonyesha kuwa jambo lolote lile limekwisha kutendwa, na si lazima kuwa mchakato mzima umefungwa. Kinyarwanda kina tofauti safi kati ya byarangiye, yaani yamemalizika, na byemejwe, yaani yameidhinishwa, na mtafsiri anayefikiri kwa Kinyarwanda huja na matarajio kwamba bodi nayo itaitofautisha.

Ninapendekeza majina ya hali za katikati yaanze na "Inasubiri" na kumalizikia kwa kitenzi cha kutendwa: inasubiri kutafsiriwa, inasubiri kuhaririwa, inasubiri kuidhinishwa. Umbo hili linamtaja anayepaswa kutenda sasa, ilhali "imetafsiriwa" linamtaja aliyekwisha kutenda, ambaye bodi haimhitaji tena. Umbo la -me- lihifadhiwe kwa hali ya mwisho au mbili za mwisho, ambapo hakuna tena wa kusubiriwa.

Tatizo jingine ni la upatanisho wa kisarufi, na halimsumbui anayefanya kazi kwa Kiingereza. Kadi imeidhinishwa, tangazo limeidhinishwa, maandishi yameidhinishwa. Kwa msomaji ni neno moja katika mavazi matatu. Kwa programu inayolinganisha herufi kwa herufi, ni maneno matatu yasiyohusiana, na kianzishi kilichoandikiwa "Imeidhinishwa" hakitaamka mtu anapoandika "Limeidhinishwa". Kwa hiyo hali zichaguliwe kutoka orodha iliyofungwa, zisiandikwe kwa mkono, na ofisi ikubaliane kwamba mtawala wa upatanisho ni nomino moja tu. Nimependelea kadi kwa kuwa ngeli yake inachukua pia kazi, tafsiri na rasimu. Afisi zinazobadilishana kadi kupitia mifumo tofauti, moja Kigali na nyingine Zanzibar kwenye makao makuu ya Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki kwa mfano, zingehitaji kukubaliana juu ya orodha hiyo kabla ya kukubaliana juu ya programu. Kazi hiyo ni ya wanaistilahi, na inaweza kufanyika bila bajeti ya teknolojia.

Kuhusu sehemu za kadi zilizoachwa tupu, Kiswahili kinatupa zana ambayo lugha nyingi hazina kwa wepesi huo. "Haijatafsiriwa" inaahidi kuwa itatafsiriwa. "Haikutafsiriwa" inafunga mlango. "Haitafsiriwi" inasema kuwa haihusiki. Sehemu tupu inaweza kuwa na maana yoyote kati ya hizo tatu, na kanuni (7), inayosubiri tafsiri ya mwisho, itasubiri milele ikiwa tangazo fulani halikuhitaji Kiingereza na hakuna aliyeiambia bodi. Weka chaguo la "Haitafsiriwi", na kanuni ilihesabu kuwa ni ukamilifu.

6.0 Saa na tarehe

Vianzishi vya wakati vinaonekana rahisi, na katika Afrika Mashariki ndivyo vyenye mitego mingi. Gisenyi na Goma zipo saa mbili mbele ya saa ya kimataifa. Arusha, Nairobi na Zanzibar zipo saa tatu mbele. Bodi iliyowekewa saa za Arusha itawaamsha watu wa Gisenyi saa nzima kabla ya wakati walioutaka. Juu ya hilo kuna hesabu yetu ya saa, ambayo Kinyarwanda nacho kinaifuata: anayeambiwa kwa mdomo kwamba arifa itoke saa tatu asubuhi, akaingiza 3:00 badala ya 9:00, ataipata saa tisa usiku. Sentensi ya kanuni iandikwe kwa Kiswahili kama ilivyo, lakini pembeni yake iwekwe tarakimu za mfumo wa saa 24 pamoja na jina la mji ambao saa yake inafuatwa.

Tarehe ni nzito zaidi. Rwanda huandika siku kabla ya mwezi. Programu iliyowekewa mpangilio wa Marekani husoma mwezi kwanza. Tarehe 04/07, kwa Mnyarwanda, ni 4 Julai, Siku ya Ukombozi. Kwa programu hiyo ni 7 Aprili, siku ambayo taifa linaanza maombolezo ya Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi. Salamu za sherehe zilizopangwa kujituma zenyewe tarehe hiyo zingetoka siku ya kilio, kwa lugha nne. Jina la mwezi liandikwe kwa herufi daima. (Siku ya Kiswahili Duniani, 7 Julai, imesalimika: isomwe kwa mpangilio wowote, ni ileile.)

Tangazo nalo lina kifo chake. Aliyetafsiri taarifa ya kufungwa kwa mpaka asubuhi ya 1 Agosti 2019 angekuwa, kabla ya siku kuisha, na maandishi sahihi kisarufi na ya uongo kimaudhui. Kanuni inayorudia kutuma tangazo kila baada ya saa fulani ni lazima iandamane na nyingine inayolisimamisha, na tarehe ya ukomo iwe sehemu ya lazima ya kadi: bila hiyo, kadi isiweze kuingia hali ya "Inasubiri kuidhinishwa". Hali zinapobadilika kabla ya ukomo, mtu mmoja awe na uwezo wa kulizima tangazo kwa kitendo kimoja, bila kupitia safari ya idhini tena. Kuzima kuwe rahisi kuliko kuwasha.

7.0 Majaribio, majina ya watu na idhini

Kanuni ijaribiwe kwa kadi bandia yenye maandishi ambayo yakivuja hayatamdhuru mtu. Neno "JARIBIO" linatosha. Pitisha kadi hiyo katika kila hali, mbele na nyuma, kisha soma kumbukumbu ya utekelezaji ambayo programu nyingi huitunza. Kumbukumbu hiyo huonyesha pia kanuni zilizoamka zikakoma kwenye sharti, na hizo ndizo za kuchunguzwa kwanza, kwa sababu ndizo zinazoshindwa kimya. Mipango isiyolipiwa ya programu hizi mara nyingi huwekewa kikomo cha idadi ya utekelezaji kwa mwezi. Kanuni yenye kelele inaweza kukimaliza kikomo hicho na kuiacha kanuni muhimu bila nafasi.

Kanuni imtaje mwenye wadhifa na si jina la mtu. Mhariri akihama kituo, kanuni iliyoandikiwa jina lake itaendelea kwa uaminifu kumtumia arifa mtu ambaye hayupo tena.

Kwa washauri wa sera, Sheria Na. 058/2021 ya Rwanda kuhusu ulinzi wa data binafsi na faragha, ya tarehe 13 Oktoba 2021, inagusa jambo hili mara mbili. Inataka data binafsi zihifadhiwe ndani ya nchi, isipokuwa anayezihifadhi nje awe na cheti halali kinachomruhusu. Na programu nyingi zilizotajwa hapo juu huhifadhi kadi kwenye seva za ng'ambo. Kadi ya tafsiri ya tangazo la jumla haina data ya mtu. Kadi ya tafsiri ya barua kwa mfanyabiashara aliyezuiliwa bidhaa ina jina, simu na pengine namba ya kitambulisho. Sheria hiyo pia inampa mtu haki ya kutofanyiwa uamuzi wenye athari za kisheria kwake kwa uchakataji wa kiotomatiki pekee. Kwa hiyo kadi za namna ya pili zisiwekwe kwenye bodi moja na za kwanza, na kanuni yoyote inayozihamisha iishie kwa mtu anayesoma.

Inabaki kesi ya dharura, ambapo hamu ya kuiachia programu itume yenyewe ni kubwa kuliko wakati mwingine wowote. Usiku wa 22 Mei 2021 haukuwa wa kusubiri wahariri watatu. Hata hivyo, maandishi ya dharura yanaweza kutafsiriwa na kuidhinishwa miezi kabla, yakiwa na mapengo machache tu: jina la njia, saa, mahali pa kukusanyika. Kwenye bodi yetu ya mfano, kadi hizo zinakaa katika hali ya "Imeidhinishwa, haijatumwa". Mtu anapoweka lebo ya dharura, kanuni haitumi tangazo. Inawatumia waidhinishaji wawili ujumbe wa simu kwa wakati mmoja, mmoja anayesoma Kinyarwanda na Kifaransa, mwingine anayesoma Kiswahili na Kiingereza, ili wajaze mapengo na kuyasoma kwa sauti. Dakika kumi zinapotimia, ikiwa mmoja wao hajaifungua kadi, ujumbe unakwenda kwa anayefuata katika orodha.